Miguu kwenda, tanga kurudi: siku 6 kati ya Lamu na Pate

Swali: Sisi ni watu 5 kutoka Nakuru. Wawili kati yetu wamepita miaka 55, lakini wote ni watembeaji wazuri. Mwezi wa Februari tutakuwa na siku 6 za likizo na tunataka kuzitumia visiwani Lamu, tusafiri kwa mashua ya tanga na tutembee kwa miguu kutoka mji hadi mji. Tumeshauriwa tukodi mashua kwa siku zote 6, tulale humo humo, na tushuke kutembea kila tutakapotia nanga. Mpango huo unafaa? Na tuhesabu kilomita ngapi kwa siku?

Jibu: Nia yenu ni nzuri sana, ila mpango mliopewa utawachosha, kwa sababu umewapangia mashua upande mgumu na miguu upande mwepesi.

Februari ni katikati ya kaskazi. Upepo unatoka kaskazini mashariki, na kisiwa cha Pate kiko kaskazini mashariki ya Lamu. Kwenda huko kwa tanga ni kubisha njia nzima. Mashua haiwezi kuelekea upepo uso kwa uso, hivyo inakwenda mshazari upande huu, inageuza, inakwenda mshazari upande ule. Kutoka mji wa Lamu hadi gati la Mtangawanda, magharibi ya Pate, ni kama kilomita 20 kwenye ramani. Kwa kubisha mtakata 35 au zaidi, mkirushiwa maji usoni, na bado mnaweza kuukuta mfereji wa njiani hauna maji ya kutosha. Wageni wengi hukata tamaa siku ya pili na kuomba mashine iwashwe hadi mwisho wa safari. Hapo mtu amelipia tanga, amepata moshi.

Nendeni kwa boti ya abiria ya mashine, mkitembee kisiwa cha Pate kwa miguu kuelekea upepo unakotoka, kisha mashua ya tanga iwapokee Faza na kuwarudisha Lamu upepo ukiwa tezi, yaani ukisukuma kutoka nyuma. Mtu anayetembea hajali pepo za omo, zinazotoka mbele, na tena kaskazi usoni asubuhi humpoza. Kwa hiyo mtahitaji mashua kwa siku 3 au 4 tu, na kilomita zenu za mguu zitakuwa kati ya 5 na 16 kwa siku. Hizo ni za kutosha. Kwenye mchanga mlaini na jua la Februari hesabuni kilomita 3 kwa saa, si 5 kama mlivyozoea nyanda za juu.

Kabla ya kukata tiketi, angalieni mwezi. Visiwa hivi vimezungukwa na mikoko na matope, na saa ya kusafiri haipangwi na mtu. Ukichukua tarehe za mwezi wa Kiislamu, tarehe 1 na tarehe 15 maji hujaa saa 10 na nusu hivi, alfajiri na alasiri, na kupwa saa 4 na nusu. Hayo ndiyo bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa ni karibu mita 3. Kila siku inayofuata, ongeza kama dakika 50. Ukifika tarehe 8 au 23 maji hujaa saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na tofauti yake imeshuka hata kufikia mita 1. Hayo ni maji mafu. Hesabu hii ya kichwani inatosha kuchagulia likizo. Kwa safari yenyewe tumieni jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari ya Kenya, na acheni nafasi ya nusu saa mbele na nyuma.

Hapa kuna kosa linalowapata hasa wasomaji wa Kiswahili. Jedwali huandika saa kwa mtindo wa 24, kuanzia usiku wa manane. Likisema 04:00 ni saa 10 alfajiri, na 10:00 ni saa 4 asubuhi. Mtu huona “4”, akamwambia nahodha “maji yanajaa saa 4”, na siku hiyo saa 4 asubuhi ndiyo maji makavu kabisa. Andikeni upya nyakati zenu 6 kwa saa za Kiswahili kwenye karatasi moja, mmpe nahodha aisome na aseme kama anakubaliana nayo.

Kwa njia hii ninayowapangia, chagueni tarehe ili siku yenu ya 5 iangukie tarehe 8 au 23 ya mwezi. Sababu yake ni Mkanda, mfereji mwembamba kati ya Manda na bara ambao vyombo hupita kwenda na kutoka Pate bila kuzunguka bahari kuu. Mkanda hupitwa vizuri maji yakiwa juu. Siku ya 2 ya safari yenu itakuwa tarehe 5 au 20, na maji yatajaa saa 1 na nusu hivi asubuhi: boti ya abiria inatoka Lamu mapema, inapita Mkanda, na saa 3 mko Mtangawanda. Siku ya 5 mtakuwa mnarudi, maji yatajaa karibu saa 4 asubuhi, na mkitoka Faza alfajiri mtaukuta Mkanda ukiwa umejaa. Mkiacha tarehe zianguke ovyo, mfano siku ya 5 iwe bamvua, saa 4 hiyo hiyo Mkanda utakuwa matope na ndege wa pwani wanaokota kaa.

Siku ya 1 fikeni Lamu, wekeni mizigo, kisha jioni mtembee hadi Shela, kilomita 3 kwa njia ya ufukoni. Maji yatakuwa yanajaa kuelekea saa 1 usiku, hivyo kurudi kwenu baadhi ya vipande vya chini vitakuwa vimefunikwa. Kuna njia ya juu nyuma ya nyumba, iulizeni mkiwa Shela. Ufuko mrefu wa Shela, wenye kama kilomita 12 za mchanga, unavutia mno, lakini unataka maji makavu na asubuhi nzima. Acheni usiwaibie nguvu. Jioni hii ina kazi nyingine, nayo ni kuikagua mashua.

Kwa watu 5 na mabaharia 2 au 3, mashua ya mita 8 hadi 10 inatosha. Ombeni kuona leseni ya chombo na cheti cha nahodha kutoka Mamlaka ya Usimamizi wa Bahari ya Kenya. Hesabuni jaketi za kuokolea maisha, kisha kila mtu avae yake na kuifunga, maana jaketi yenye kamba iliyooza ni mapambo. Tazameni ngama, yaani maji yanayokusanyika chini ya chombo: waambieni wafue maji yote yaliyo ndani, kaeni nusu saa mkizungumza, mtazame tena. Kuvuja kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao, lakini maji yakifika juu ya kifundo cha mguu kwa nusu saa chombo kikiwa kimetulia gatini, tafuteni kingine. Pitisheni kidole kwenye demani, ile kamba inayoshika pembe ya tanga, hasa pale inaposuguana na mbao. Nyuzi zikiwa zimesimama kama manyoya, ombeni ibadilishwe usiku huo. Mwisho, mashine ya akiba. Iwashwe mbele yenu, na kuwe na plagi ya ziada na petroli ya kutosha kutoka Faza hadi Lamu bila tanga kabisa.

Malipo yaelezwe wazi kabla ya kushikana mikono. Mashua itatoka Lamu siku ya 3 bila nyinyi, ibishe au isukumwe na mashine hadi Faza, iwangoje. Siku hiyo ya kwenda tupu ni kazi, na ndiyo ngumu kuliko zote. Msipoilipia, nahodha atachelewa kutoka ili apate kazi nyingine asubuhi, na nyinyi ndio mtakaokaa Faza mkitazama bahari. Kubalianeni pia nani ananunua chakula cha mabaharia na petroli.

Siku ya 2, kutoka Mtangawanda hadi mji wa Pate ni mwendo wa saa moja na kidogo. Mchana pumzikeni, jioni tazameni magofu ya mji wa kale wa Wanabahani, ukoo wa masultani waliotawala Pate, ambayo yamezingirwa na mashamba. Msipande juu ya kuta, chokaa yake imechoka na mawe huanguka bila onyo.

Siku ya 3 ndiyo safari yenyewe ya mguu: Pate hadi Siyu, kilomita 8 hadi 10. Ondokeni kunapopambazuka, saa 12 na nusu muwe njiani, ili saa 3 na nusu muwe Siyu kabla jua halijawa kali. Njia ni mchanga kati ya minazi, mashamba na vichaka, na inagawanyika mara nyingi. Njia panda nyingi zinaishia shambani kwa mtu. Chukueni kijana wa Pate awaongoze, mkubaliane ujira jioni ya kabla. Kila mtu abebe lita 3 za maji na asihesabu kupata mengine katikati. Visima vya kisiwani vingi vina maji ya chumvichumvi, na chai ya maji hayo inanyweka, ila tumbo lisiloyazoea hulalamika.

Viatu ni jambo ambalo watu wa bara hukosea. Buti nzito za mlimani hujaa mchanga na zikilowa hazikauki siku 6. Leteni aina 2: raba nyepesi zilizofunika vidole, za njia ya mchanga na mawe ya matumbawe, na viatu vya plastiki au sandali zenye mkanda wa kisigino, za kushukia majini. Kandambili hubaki kwenye tope la mikoko, na mguu mtupu ukikanyaga chaza waliong’ang’ania mizizi hukatika kama kwa wembe.

Siyu tazameni ngome ya karne ya 19, iliyobaki kuwa alama ya mji uliokataa kutawaliwa na sultani wa Zanzibar wakati wa Bwana Mataka. Mji huu ulisifika pia kwa kunakili Kurani kwa mkono na kwa kazi za ngozi. Alasiri saa 9 na nusu, wenye nguvu wanaweza kwenda Shanga na kurudi, kama saa moja kila upande. Nawasihi msiikose. Ni uwanja wa magofu kando ya bahari, kimya, lakini mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walipochimba kuanzia 1980 walikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine ya tangu karne ya 8, mmoja juu ya mwingine, ya kwanza ikiwa ya miti. Mji wenyewe uliachwa mwanzoni mwa karne ya 15. Rudini kabla ya magharibi, njia ni ile ile na gizani haionekani.

Siku ya 4 ni Siyu hadi Faza, kama kilomita 8, mkitoka tena alfajiri. Maji yatajaa saa 3 asubuhi, kwa hiyo mashua itakuwa imeingia au iko karibu kuingia. Mwambieni nahodha tangu Lamu kwamba usiku huo asiilaze mashua karibu na ufuko. Aivute nje, pale ambapo hata maji yakipwa inaelea. Mnaelekea maji mafu, na kila kujaa ni pungufu kuliko kulikopita. Chombo kikikaa juu ya tope wakati maji yamefika ukomo wake leo, kesho maji hayatafika pale, wala keshokutwa, na kinaweza kusubiri bamvua ijayo. Kama mngekuwa mnaelekea bamvua, kosa hilo hilo lingegharimu nusu siku tu.

Je, mlale kwenye mashua? Watu 8 kwenye mashua ya mita 9 hawalali, wanakunjana. Pate, Siyu na Faza ulizeni nyumba ya kulala wageni au mwenyeji anayepokea watu. Pelekeni ujumbe siku 2 kabla ili chakula kipikwe, na mje na vyandarua vyenu. Malaria ipo, semeni na daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya kuondoka Nakuru.

Siku ya 5 mko majini saa 12 asubuhi. Kutoka Faza hadi Lamu kwa kupitia Mkanda ni karibu kilomita 38, na kwa kaskazi ya wastani mashua hukata 7 kwa saa. Upepo wa asubuhi mara nyingi ni mwepesi kuliko wa alasiri, kwa hiyo wekeni muda wa saa 4 hadi kufika Mkanda. Saa 3 kasorobo asubuhi ikifika na bado hamjapita Mtangawanda, washeni mashine bila kuona haya. Dakika 40 za mashine ni bora kuliko kulala kwenye tope.

Njiani nahodha atapindua tanga mara chache, na hapo abiria ndio huumia. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, haupiti nyuma ya mlingoti. Demani inaachiwa, tanga linapepea mbele likipiga kama turubai, baharia anavuta mguu wa foromali hadi usimame karibu wima na mlingoti, kisha tanga lote linapitishwa mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili, na demani inazungushwa na kukazwa upya. Muda wote huo ile kamba inachapa hewani, na ikikupata usoni utaikumbuka. Ketini sakafuni, mikono ndani, msishike kamba yoyote hata kama inaonekana imelegea. Nahodha akisema hameni, hamieni upande wa joshi, upepo unakotokea, taratibu na mkiwa mmeinama. Msisimame kupiga picha.

Na mkikwama? Angalieni kwanza maji yanaelekea wapi. Yakiwa yanajaa, teremsheni tanga na mngoje. Yakiwa yanapwa, mna dakika 5 au 10: tanga chini, watu wote wahamie upande wa tezi ili omo inyanyuke, mabaharia wasukume kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, kurudi nyuma mlikotoka, kamwe si kusonga mbele. Msiruke kwenye tope, linameza hadi nyonga. Mkishindwa, fanyeni hesabu hii. Chombo kilichokwama muda wa saa 2 baada ya maji kujaa kitaelea tena baada ya saa 8 na nusu hivi. Kwa hiyo hata siku ya “asubuhi tu” mwe na chakula, maji na tochi za kutosha mpaka usiku. Maji yenyewe hayakimbii kwa kasi moja: kati ya saa 6 za kupwa, ile ya 3 na ya 4 huondoa nusu ya maji yote. Ndiyo maana mtu huona kuna kina cha kutosha, akamalizia kahawa, akarudi kukuta hakuna.

Maji ya kunywa ya chomboni ni lita 5 kwa mtu kwa siku pamoja na ya kupikia. Watu 8 kwa siku 2 ni lita 80, na mwongeze madumu 2 ya lita 20 ya dharura. Yawe jumla madumu 6, yapangwe chini katikati ya mashua, yafanye kazi ya farumi, uzito wa kutuliza chombo. Mizigo iwe mifuko laini isiyozidi kilo 10 kila mmoja, na ndani yake vitu vikae kwenye mifuko 2 ya plastiki ngumu iliyofungwa moja moja.

Mnapotembea ndani ya maji ya magoti, buruteni nyayo badala ya kuinua miguu, ili taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani ashtuke na kuondoka. Akimchoma mtu, tumbukizeni mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa dakika 30 hadi 90, kisha mpelekeni zahanati, kwani kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani. Mkwaruzo wa matumbawe uoshwe kwa maji safi yasiyo ya chumvi na sabuni, usuguliwe hadi chembe zitoke. Unaonekana mdogo lakini huoza haraka kwenye joto. Bebeni pakiti 10 za ORS, chumvi ya kurudisha maji mwilini, na atakayeacha kutokwa jasho au kuanza kusema ovyo awekwe kivulini na kumwagiwa maji mara moja, mwendo wa siku hiyo umekwisha.

Kila mmoja awe na kitambulisho, na mkifika kila mji mpitie kwa chifu au mzee wa mtaa mseme nyinyi ni nani na mnaelekea wapi. Ni adabu ya mahali na pia ni usalama wenu. Kiwayu na Kiunga, upande wa mpaka wa Somalia, msiviweke kwenye safari hii, na hata baadaye msiende bila kuuliza polisi wa Lamu hali ilivyo wiki hiyo. Nguo zifunike mabega na magoti. Ijumaa mabaharia wataswali, kwa hiyo msipange kuondoka adhuhuri. Kama tarehe mlizochagua ziko ndani ya Ramadhani, sogezeni safari mwezi mmoja, maana kumwomba mtu aliyefunga abishe juani saa 6 si haki.

Siku ya 6 imebaki kwa Takwa, upande wa pili wa kisiwa cha Manda. Magofu haya ya karne ya 15 hadi 17, yenye msikiti mkuu na kaburi la mnara ambalo watu wa Shela bado hulizuru, yanafikiwa kwa mto wa mikoko unaopitika maji yakiwa juu tu. Ndiyo sababu sikuyaweka siku ya 5: Takwa na Mkanda vinataka maji yale yale. Karibu na maji mafu, kuchelewa kwa kila siku huongezeka na kuzidi saa moja, kwa hiyo siku hiyo maji yatajaa kama saa 5 asubuhi. Ingieni mtoni saa 3 na nusu, shukeni, zungukeni magofu, vukeni kwa miguu ile shingo nyembamba ya ardhi hadi ufuko wa bahari kuu, ni dakika chache tu. Saa 6 kamili kila mtu awe amerudi ndani ya mashua, na mashua iwe imekwisha kugeuzwa kuelekea nje.